Turbo ya Nyuma kwenye Injini Kubwa: Mjadala wa Barabara ya Mahagi

Tuanze na gari lenyewe. Mtu wa Bunia, mji wa jimbo la Ituri nchini Kongo (DRC), ana Hilux ya zamani yenye injini ya 5L, dizeli ya lita 3 isiyokuwa na turbo ilipotoka kiwandani, na nyuma, pale palipokuwa na silansa, amefungiwa turbo inayozungushwa na moshi na kurudisha hewa mbele kwa bomba refu. Sasa amepata Land Cruiser yenye 1HZ, silinda sita, lita 4.2, nayo pia isiyo na turbo. Anataka kuuhamishia mfumo ule wa nyuma kwenye gari jipya. Je, ahamishe kama ulivyo, aukuze, au aache? Watu wanne wana haki ya kusema katika jambo hili: mwenye gari, fundi, dereva, na mama mfanyabiashara ambaye mzigo wake ndio unaolipa mazutu, yaani dizeli. Nitawapa nafasi wote, ila msimamo wangu nauweka mezani mapema. Injini ikikua, turbo ya nyuma haihamishwi. Hupimwa upya yote, kuanzia turbini hadi njia ya oili. Na kipimo chake kwa Bunia ni kurudisha hewa ambayo mwinuko umeichukua, pamoja na ziada ndogo, basi.

MWENYE GARI: Fundi, turbo ninayo tayari. Moteri ya 1HZ ni kubwa, inatoa moshi mwingi, itaizungusha kuliko Hilux. Kata bomba, chomelea, kesho kutwa niko Mahagi.

Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza watu. Ni kweli moshi wa lita 4.2 utaizungusha turbo ndogo mapema sana. Lakini turbo haijui lita za injini. Inajua kiasi cha hewa inachoweza kupitisha. Tufanye hesabu. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, injini ya lita 3 inavuta takriban lita 4,480 za hewa kila dakika kama silinda zinajaa barabara. Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya bahari, na huko mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 87 badala ya 101 za pwani. Turbo ya Hilux ikisukuma bar 0.5 juu ya hapo, inapitisha hewa mara 1.57 ya ile ya kawaida, yaani kama lita 7,050 za hewa ya Bunia kwa dakika. Sasa weka 1HZ. Bila turbo yoyote, kwa mizunguko ile ile, yenyewe inavuta lita 6,250. Turbo iliyokuwa imefika ukomo wake kwa lita 7,050 haina tena cha kuongeza isipokuwa asilimia 13, sawa na bar 0.11 tu. Hata pengo la mwinuko halijazibwa, kwa sababu hewa ikigandamizwa hupata joto na kupungua uzito. Na wakati huo huo moshi wote wa silinda sita unalazimishwa kupita kwenye turbini nyembamba, unarudi nyuma, unabaki ndani ya silinda, unapandisha joto. Mwenye gari atakuwa ameongeza mzigo kwa injini bila kuongeza nguvu ya kuonekana. Akilazimisha sindano ya geji ifike 0.5 kama zamani, turbo itazunguka kupita uwezo wake, na beringi zake hazitamaliza msimu wa mvua.

Kuna sababu naanza na mwinuko kabla ya farasi za injini. Turbo ni ya zamani: Mswisi Alfred Büchi aliisajili mwaka 1905. Lakini kazi iliyoipa sifa Marekani ilifanyika mlimani. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,200 juu, akaonyesha kwamba turbo inaweza kuirudishia injini nguvu ambayo hewa nyepesi imeinyang'anya. Hilo ndilo tatizo la Ituri hasa. Gari linalobeba samaki kutoka Kasenyi linaanzia kando ya Ziwa Albert, kwenye mita 620 hivi, linapanda ukuta wa bonde kupitia Bogoro hadi Bunia. Na likiendelea kaskazini kwa barabara ya RN27 linakutana na vilima vya Djugu na Mahagi ambavyo karibu na Rethy vinafikia mita 2,000. Kila mita mia inayopandwa, silinda inapata hewa pungufu kidogo, ilhali pampu ya dizeli inaendelea kumimina kama ilivyowekwa. Ule moshi mweusi unaoonekana milimani si dalili ya nguvu. Ni mazutu yaliyokosa hewa ya kuyachoma.

FUNDI: Sawa, Papa, ile ndogo tuiache. Basi tutafute turbo ya 1HD-T, ile CT26. Imetengenezwa kwa lita 4.2, itakaa sawasawa.

Fundi amesogea karibu na ukweli, lakini amesahau mahali turbo itakapokaa. CT26 iliwekwa na Toyota mbele, kwenye manifodi, ambako moshi unatoka ukiwa na moto wote. Kwenye mfumo wa nyuma moshi unasafiri mita 3 au zaidi chini ya gari kabla ya kuigusa turbini. Tuseme unatoka kwenye manifodi ukiwa na nyuzi 650 za selsiasi, unafika nyuma ukiwa na 450. Gesi ikipoa husinyaa, na kwa nyuzi hizo ujazo wake umepungua kwa zaidi ya moja ya tano. Kwa macho ya turbini ya nyuma, basi, injini ya lita 4.2 ni kama ya lita 3.3 iliyofungwa mbele, na ile ya lita 3 ya Hilux ilikuwa kama ya lita 2.3. Ndiyo maana turbo ya Hilux ni ndogo mno, na ndiyo maana CT26 ni kubwa mno: itakaa inazunguka kivivu huku dereva akikanyaga pedali mlimani na kusubiri. Kinachofaa kiko katikati, turbo iliyoundwa kwa dizeli ya lita 3 yenye turbo ya kiwandani, kama zile za 1KZ-TE ambayo magari yake yamejaa Afrika Mashariki kwa miaka mingi.

Hapo lakini pana mtego, na ni mtego ambao fundi mzuri atauona kabla sijausema. Moshi umesinyaa, hewa safi haijasinyaa. Upande wa kompresa bado unatakiwa kulisha lita 4.2 kamili. Turbo ya nyuma inahitaji turbini ya injini ndogo na kompresa ya injini kubwa, na turbo ya kuchukuliwa kwenye gari jingine haikuja na umbo hilo. Hapa ndipo kiasi kinapoleta suluhisho. Ukiridhika na bar 0.3, injini ya 1HZ kwa mizunguko 3,000 inahitaji kama lita 8,400 za hewa ya Bunia kwa dakika. Injini ya lita 3 yenye turbo yake mbele, ikigandamiza hewa mara 1.8, inahitaji kama 8,060. Namba mbili hizo ni majirani. Ukitaka bar 0.8 kwenye 1HZ, unahitaji karibu lita 12,000, na hakuna turbo ya lita 3 itakayokupa. Kwa hiyo bar 0.3 ndiyo inayofanya kifaa kinachopatikana kifae.

Na bar 0.3 inatosha nini? Kwa hewa ya Bunia inagandamiza mara 1.34. Ondoa joto linaloongezeka kwenye kompresa, rudisha sehemu ya ubaridi unaopatikana kwenye bomba refu la kurudi mbele likipigwa na upepo, na silinda inapata hewa nzito kuliko ya ufuko wa Mombasa. Westigeti ya kawaida, vali inayodhibiti msukumo wa turbo, hupima tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje, kwa hiyo bar 0.3 ile ile ni mgandamizo wa mara 1.32 ukiwa Kasenyi na mara 1.38 ukiwa Rethy. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi milimani ingawa geji inasoma namba ile ile. Aliyejipangia 0.3 ana nafasi ya kupanda. Aliyejipangia ukomo wa turbo yake akiwa Bunia ataupita akiwa Djugu, bila geji kumwambia neno.

DEREVA: Lakini ya nyuma inachelewa. Nakanyaga hapa, nguvu inakuja kule. Kwenye matope kuchelewa ni kuzama.

Lawama hii hutupiwa urefu wa bomba, na kwa sehemu kubwa inauonea. Bomba la kurudishia hewa lenye upana wa milimita 50 na urefu wa mita 3.5 lina ujazo wa kama lita 7. Injini ya 1HZ kwa mizunguko 1,500 tu inavuta lita 52 kila sekunde. Kulijaza bomba hilo hadi bar 0.3 kunahitaji lita mbili na nusu za ziada, kazi ya muda usiofika hata kufumba jicho. Ucheleweshaji wenyewe unatoka kwenye moshi uliopoa na turbini iliyozidi ukubwa. Tiba yake, basi, ni kuchagua turbini ndogo kama tulivyosema, na kutunza joto la bomba la moshi. Kulizungushia kitambaa cha kuzuia joto kunasaidia mahali pakavu. Kwenye matope ya RN27 kitambaa hunywa maji na kukaa na unyevu, na bomba la chuma cha kawaida huliwa na kutu kwa ndani usione. Ningekizungushia kipande cha kwanza tu, kilicho juu karibu na injini, na sehemu ya chini ningeikinga kwa bati lililoachiwa nafasi ya hewa.

Waliolazimika kulitatua jambo hili kwa umakini mkubwa walikuwa watengenezaji wa ndege. Kampuni ya Republic ya Marekani ilikuwa na ndege ya vita, P-43, yenye injini ya lita 30 na turbo iliyowekwa nyuma ya rubani. Walipohamia injini ya lita 46, Pratt & Whitney R-2800, mhandisi wao Alexander Kartveli, mzaliwa wa Georgia, hakuichomekea kwenye mwili wa zamani. Alianza na mabomba: njia ya moshi kwenda nyuma, turbo, kipoza hewa, njia ya hewa kurudi mbele, kisha akajenga ndege kuzunguka mabomba hayo. Ndiyo P-47 iliyoruka mara ya kwanza Mei 1941, na ilikuwa nzito kuliko P-43 kwa zaidi ya tani moja ikiwa tupu. Injini imeongezeka nusu, kila kilichounganishwa nayo kimepimwa upya. Fundi wa Bunia hana karakana ya Republic, ila kanuni ni hiyo hiyo: bomba lililotosha moshi wa lita 3 litaubana moshi wa lita 4.2, na haisaidii kununua turbo sahihi kisha kuipulizia kwenye mrija wa Hilux.

FUNDI: Turbo ikishakaa, mimi nitafungua skrubu ya pampu. Hewa imeongezeka, mazutu nayo yaongezeke. Vinginevyo mteja atasema sijafanya kitu.

Naelewa shinikizo hilo. Mteja hulipa anachokisikia mguuni. Lakini hapa ndipo 1HZ hufia. Toyota wenyewe walipotaka turbo kwenye silinda zenye vipimo vile vile, milimita 94 kwa 100, waliitengeneza 1HD-T: walibadili uchomaji ukawa wa moja kwa moja juu ya pistoni, na wakashusha uwiano wa mgandamizo kutoka zaidi ya 22 kwa 1 hadi chini ya 19 kwa 1. 1HZ ilibaki na vyumba vyake vidogo vya mwako kwenye silinda hedi na mgandamizo wake mkubwa. Ni injini imara ajabu kwa kazi iliyoundiwa, na vyumba hivyo ndivyo vya kwanza kupata ufa joto likizidi. Kwa hiyo skrubu isiguswe kabla ya kipimajoto cha moshi kufungwa, na kifungwe kwenye manifodi. Nasisitiza mahali kwa sababu kwenye mfumo wa nyuma kosa ni jepesi: fundi anakiweka karibu na turbo kama alivyozoea kwenye turbo za mbele, kinasoma 480, anafurahi, kumbe kwenye pistoni moshi umeshapita 700. Kwenye manifodi, dereva akiona 650 kwenye mlima mrefu, apunguze mguu. Pampu ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani, turbo ya bar 0.3 itayachoma vizuri mazutu yale yale yaliyokuwa yakitoka kama masizi, na nguvu itaonekana mlimani, pale pale ilipokosekana. Mteja ataisikia.

DEREVA: Papa, mimi ndiye ninayelala barabarani. Turbo iko chini, mtoni inaingia maji ikiwa ya moto. Na oili yake inarudije mbele?

Kati ya pingamizi zote, hii ndiyo nzito, na sitaki kuipunguza. Turbo ya mbele iko juu ya sampu. Oili ikishalainisha beringi inashuka yenyewe. Ya nyuma iko chini ya sampu, kwa hiyo oili lazima irudishwe kwa pampu ya umeme. Pampu hiyo ikifa, oili inajaa kwenye turbo na kutafuta njia. Ikipita kwenye sili ya turbini, unaona moshi wa bluu nyuma. Ikipita upande wa kompresa, inapulizwa kwenye bomba la hewa hadi kwenye silinda, na dizeli haichagui: oili nayo huiunguza kama mafuta. Injini inapanda mizunguko yenyewe, dereva anazima ufunguo, haizimiki, kwa sababu ufunguo umekata mazutu peke yake. Kuizima kunahitaji kuziba mdomo wa hewa, au kuweka gia ya juu na breki na kuilazimisha ife. Dereva yeyote wa turbo ya nyuma anapaswa kufundishwa hilo kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Pampu iwe na taa yake kwenye dashibodi, iwe ya volti za gari lenyewe, na iwepo ya akiba kwenye sanduku la spana. Kuhusu maji, jibu ni kusimama. Kabla ya kuingia mtoni gari lingoje dakika kadhaa likizunguka polepole, turbini ipoe; chuma cha kusubu cha moto kikiguswa na maji ya baridi huweza kupasuka. Na mdomo wa hewa usikae nyuma karibu na turbo kama wanavyofanya kwenye nchi za lami. Upande juu kwa snokeli mbele, upite kwenye chujio, hata kama hilo linaongeza bomba la pili la mita 3, kwa sababu kila kiungo kilicholegea baada ya chujio kinavuta vumbi jekundu moja kwa moja hadi kwenye pistoni.

Baada ya haya yote mtu atauliza: basi kwa nini nyuma? Kwa nini isiwekwe mbele kama Toyota? Nakubaliana naye zaidi ya anavyodhani. Chini ya boneti ya Land Cruiser ya 1HZ nafasi ipo, na Australia watu huuza manifodi na mabomba yaliyotayarishwa kwa injini hiyo. Anayeweza kuagiza na kusubiri afunge mbele, mjadala umekwisha kwake. Utetezi wa turbo ya nyuma Bunia ni mmoja tu: haihitaji manifodi ya kusubu. Inahitaji mabomba, kuchomelea na flanji, kazi ambazo gereji za mji zinazifanya kila siku, na sehemu yoyote ikivunjika inatengenezwa hapo hapo. Ni sababu ya kweli kwenye mji ambao vipuri vingi vinafika kupitia Kampala. Ila si sababu ya kuipenda turbo ya nyuma kwa ajili ya sura au sauti yake.

MAMA MFANYABIASHARA: Wanangu, mimi sijui turbo. Najua maharage yangu yakilala Djugu siku mbili, faida imekwisha, na njia ile si ya kulala.

Mama ameleta kipimo ambacho fundi na mwenye gari walikisahau. Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi wa hali ya dharura Mei 2021, na sehemu za barabara ya Djugu gari kuharibika jioni ni hatari kwa maisha ya watu waliomo. Kwa hiyo kila kifaa kinachoongezwa kwenye gari kipimwe kwanza kwa swali la Mama: kikifa, gari linafika? Turbo ya mbele ikifa, mara nyingi gari hujikokota. Turbo ya nyuma iliyofungwa vizuri inaweza kufaa hata kuliko hiyo: iwekwe flanji mbili ili bomba la kawaida lirudishwe mahali pake kwa spana, na mrija wa oili uwe na kizibo chake, ili dereva aitoe turbo yote njiani na 1HZ iendelee kama ilivyozaliwa. Iliyochomelewa moja kwa moja haina njia hiyo, na mimi nisingepandisha mzigo wa mtu juu yake.

Mwenye gari atasema orodha imekuwa ndefu: turbo ya kipimo kipya, bomba pana, pampu ya kurudisha oili na ya akiba, kipimajoto, geji, snokeli, flanji. Ni ndefu kweli, na yote ni kitu kimoja. Ukitoa pampu au kipimajoto ili kupunguza gharama, umenunua hatari kwa bei nafuu. Asiyeweza kuilipa yote aiache 1HZ bila turbo. Pesa alizonazo azitie kwenye redieta, kwenye nozeli, na kwenye mkanda wa taiming ambao Toyota hutaka ubadilishwe kila kilomita 100,000, kisha apunguze magunia machache mlimani. Turbo ya Hilux aiuze pamoja na Hilux.